Mwalimu anayetazama mkono

Mtoto wa darasa la kwanza anayepata shida kuandika hujulikana kwa daftari lake: herufi zinapanda na kushuka, karatasi imetoboka kwa kufutwafutwa, b imekaa pahali pa d. Mzazi hulitazama, akaguna, akaagiza ukurasa mzima urudiwe. Mwalimu mmoja wa mkoani Morogoro, aliyefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa miaka mingi, hulifunga daftari hilo kwanza. Huvuta kiti, akakaa kando ya mtoto.

“Hebu andika d, baba, nione.”

Mtoto anashusha mstari wa wima, halafu anasita. Hajui tumbo la herufi liende upande gani. Mwalimu amekwisha kupata alichokitafuta, na daftari lisingemwonyesha, kwa sababu d iliyokwisha andikwa haisemi ilianzia wapi. Anayeanza b na d kwa mstari uleule atabahatisha kila siku, na ukurasa mzima wa kurudia utamzoesha kubahatisha. Kwa hiyo d hufundishwa kupitia a: duara kwanza, mkono uzunguke kwa kushoto, upande juu, kisha ushuke. Mstari wa kuanzia unabaki kuwa wa b peke yake.

Kuumba herufi huanza hewani, mkono mzima kutoka begani. Hapo mwalimu humpa mtoto mgongo, maana wakitazamana, kushoto kwake ni kulia kwa mwanafunzi. Jambo dogo hilo, lakini nimewaona walimu wazuri wakilisahau. Baada ya hewani ni mchangani kwa kidole, kisha ubaoni kwa chaki. Penseli huja mwisho, na huchaguliwa iliyo fupi, ambayo haiachi nafasi ya kushikwa kwa ngumi. Gumba na kidole cha shahada huishika, cha kati huibeba kwa chini. Anayeibana hadi vidole vikauma hupewa udongo wa kufinyanga, au maharage ya kuchambua, hadi vidole vipate nguvu na wepesi. Anayetumia mkono wa kushoto halazimishwi kubadili. Huketishwa mwisho wa dawati upande wa kushoto, kiwiko kisigombane na cha jirani, na daftari likalazwa mshazari.

Tangu mwaka 2015, darasa la kwanza na la pili Tanzania Bara yameelemea kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo, muda wa kukaa na mtoto mmoja mwalimu huutafuta mwenyewe, darasa likiwa limejaa. Mwalimu huyu huupata wengine wanaponakili kutoka ubaoni: leo mtoto huyu, kesho yule. Subira hiyo ndiyo ninayoistaajabia kuliko yote, kwani hakuna anayemkagua kwayo.

Kuna shida nyingine ambayo haimo mkononi. Mtoto ameandika “buzi”. Mwalimu hamwambii amekosea. Anamwomba alitamke neno polepole, kidole kikiwa juu ya midomo.

“Kabla midomo haijafunguka, unasikia nini?”

“Mmm.”

“Basi hiyo nayo ina herufi yake.”

Kiswahili kinamsaidia sana hapa, kwa kuwa tahajia yake hufuata sauti: mtoto aliyejifunza kusikiliza mbuzi, atasikiliza na nguo, na ndizi. Lakini shida huweza pia kuwa ya macho: anayetazama ubao kwa kukodoa huhamishiwa dawati la mbele, na mzazi hushauriwa ampeleke akapimwe macho, kabla hajaitwa mzito.

Akisahihisha, huzungushia ile d iliyokaa vizuri kuliko zote na kumwuliza mtoto aliiumbaje. Na wazazi wanaouliza wasaidie vipi nyumbani huwaambia hivi: dakika kumi, herufi mbili, simu pembeni, na mkae palepale anapoandika.