Urefu wa Boriti

Ukitaka kuielewa nyumba kongwe ya mawe ya Lamu, usianze na mlango wa nakshi. Inua macho utazame dari. Boriti za mikoko zimelala sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa boriti nzuri ya kubebea sakafu haizidi sana mita 3, chumba nacho hakiwezi kuwa kipana kuliko hapo. Waashi wa karne ya 18, wakati nyumba bora za mji huu zilipojengwa, walipewa na msitu upana huo mmoja tu. Walichokifanya ndani yake sijaona kikizidiwa popote pwani.

Waliposhindwa kupanua, walirudufu. Nyuma ya kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ukaja msana wa tini, chumba kirefu chembamba. Nyuma yake msana wa yuu, kisha ndani, kwa wenyewe. Kila uvukapo, sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Kuta za nje, nene kiasi cha nusu mita, karibu zote ni bubu. Nuru huingilia kiwandani. Kwa hiyo aliyesimama uani huona vyumba vikifuatana kuelekea gizani, na nyumba nyembamba ikaonekana haina mwisho.

Huko mwisho, ndani, ndiko ziliko zidaka, na hapa hapana haja ya haraka. Ni safu juu ya safu za vishubaka vyenye matao, vilivyofunika ukuta mzima, ambamo watu waliweka sahani za kaure kutoka China na vitu vyao vya thamani. Vyote ni kazi ya chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo yakachomwa hadi yakageuka unga mweupe, unga ukatiwa maji, ukaachwa ukomae, maana chokaa changa hupasuka ukutani. Fundi alipaka tabaka juu ya tabaka, kisha akachonga lipu ingali na ubichi. Ikikauka mno, ncha ya chombo inaibandua; ikiwa laini mno, kingo zinaporomoka. Kati ya hali hizo mbili ana muda mfupi, na mchoro ule ule lazima urudiwe ukuta mzima bila mkono kuchoka.

Tazama pia alivyojizuia. Mifereji ya nakshi si ya kina kirefu, na haikuhitaji kuwa hivyo. Nuru inayofika huko imeshuka kutoka uani na kupita vyumba viwili. Inapougusa ukuta ni hafifu na ya mshazari, hivyo hata mchirizi mdogo unapata kivuli chake. Mchongaji alikuwa akichonga kwa kuijua nuru hiyo. Taa kali ya umeme inauua ukuta wote.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini ukuta huokolewa au kuharibiwa na kinachopakwa juu yake. Chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, mpaka lipu ya zamani inabambuka pamoja na nakshi zake. Mwenye nyumba mwenye zidaka amtafute mwashi anayejua kukomaza chokaa, amlipe vizuri, na asimhesabie siku.