Fanon Jumapili, Mkwawa Jukwaani

Mwanafunzi wa Nyololo, pale barabara ya TANZAM inapotoka Mafinga kuelekea Makambako, akipewa dakika 5 za kuhutubia Siku ya Afrika, huenda akaanza na ubeberu, unyonyaji na minyororo. Wenzake watapiga makofi kisha watasahau, kwa sababu hotuba hiyo ingeweza kusomwa Accra au Lusaka bila kubadilishwa neno.

Vijana wa chuo kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, walikwishapata njia ya kulitatua hilo. Mwaka 1967 waliunda umoja wao wa kimapinduzi, USARF, chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni, mwanafunzi kutoka Uganda. Jumapili walikuwa na darasa la itikadi. Walisoma maandishi ya wanamapinduzi Frantz Fanon, Kwame Nkrumah na Lenin, wakabishana, na Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikuwa karibu nao.

Ufundi wao ulikuwa katika hatua iliyofuata kusoma. Museveni alichukua hoja ya Fanon kuhusu matumizi ya nguvu dhidi ya mkoloni, akaenda na wenzake kuipima katika maeneo ya kaskazini mwa Msumbiji yaliyokombolewa na wapiganaji wa FRELIMO. Maandishi yake yakachapishwa 1971. Mwenzake Issa Shivji alizigeuzia Tanzania yenyewe nadharia za matabaka, akauliza nani hasa ameshika uchumi. Makala yake ilitoka 1970 katika Cheche, jarida la wanafunzi hao, na mwaka huohuo jarida na umoja wenyewe vikapigwa marufuku. Maneno yaliyopimwa nyumbani huuma kuliko yaliyokaririwa.

Rodney naye ameacha kifaa ambacho wasomaji wengi hukiruka. Katika kitabu chake cha 1972, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, kila sura inaishia na orodha ya vitabu, na kila kimoja kimeandikiwa maneno machache kuonyesha kinafaa kwa lipi. Daftari la mtayarisha hotuba lingefaa kuwa hivyo: jina la kitabu, hoja moja, na mbele yake tukio la hapa petu linaloithibitisha au kuikataa. Asiyesoma Kiingereza kwa wepesi anaweza kumfikia Fanon kupitia *Viumbe Waliolaaniwa*, tafsiri ya Kiswahili ya 1978.

Tuchukue sentensi moja: "Wakoloni walitudhalilisha." Ni kweli, ila haina mahali wala tarehe. Sasa mwanafunzi aende Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akajiua mwaka 1898 ili wasimkamate akiwa hai. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi 6. Lilirudi Kalenga mwaka 1954. Msemaji akitaja miezi 6, akanyamaza kidogo, kisha akataja miaka 35, hana haja ya kulitamka neno "udhalilishaji". Wasikilizaji watalitamka wenyewe.

Uchumi ni mgumu zaidi kuusemea, na hapo ndipo hotuba nyingi za shule hudorora. Rodney anaeleza jinsi ukoloni ulivyogeuza maeneo mengine kuwa visima vya nguvukazi. Nyanda za Juu Kusini zina neno lao kwa jambo hilo: manamba. Wanaume wa Njombe na kwingineko waliandikishwa, wakapewa namba, wakasafirishwa kwenda kukata mkonge mbali na wake zao na mashamba yao. Tangu 1944 chombo cha wenye mashamba, Silabu, ndicho kilichokusanya watu hao. Na Mufindi kwenyewe, wilaya iliyo na Nyololo, mashamba ya chai nayo yalihitaji mikono yake.

Kabla ya kufungua ukurasa wa pili wa hotuba, basi, mwanafunzi huyo ana kazi ya jioni moja. Aketi na babu au bibi jikoni, aulize nani katika ukoo alikwenda mkonge, aliondoka akiwa na umri gani, alirudi na nini mkononi, na nani alilima shamba wakati hayupo.