Usinga wa Kirangozi

Majemadari wa Japani walikwenda vitani na upepeo. Gunbai, upepeo wa mbao au chuma, ukiinuliwa tu jeshi lilijua pa kuelekea. Mpaka leo waamuzi wa mieleka ya sumo wanaushika. Husimuliwa kwamba katika vita vya Kawanakajima, mwaka 1561, jemadari Takeda Shingen aliukinga upanga wa hasimu wake Uesugi Kenshin kwa upepeo wake. Sisi nasi tulikuwa na chombo cha amri kisicho na makali, na kilipita Tabora.

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, katika Tabora ya leo, Novemba 1857. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alimweleza kirangozi, Mnyamwezi aliyeongoza msafara: nguo nyekundu, ngozi ya mbega kichwani, manyoya ya ndege juu yake. Mojawapo ya alama za kazi yake ilikuwa kipungo, yaani usinga wa mkia wa mnyama, aliojifunga mwilini kana kwamba ameota nao. Marufuku kumtangulia, aliyethubutu alitozwa faini. Mwenyewe aliibeba bendera nyekundu ya Zanzibar; nyuma yake ngoma, kisha wapagazi na pembe zao za ndovu, foleni ndefu porini.

Mimi namsifu fundi wa usinga. Kazi yake inaonekana nyepesi, na hapo ndipo ustadi ulipo. Huchagua mkia wenye singa ndefu zinazolingana, akatoa mfupa bila kuitoboa ngozi. Ngozi ingali mbichi, huivisha kwenye mpini wa mti. Ikikauka inasinyaa na kuubana mpini, hapahitajiki msumari wala gundi. Shanga au waya mwembamba wa shaba huja mwisho, duru kwa duru, bila nafasi hata ya ukucha kupita. Mpini ukiwa mzito mno mkono unachoka; ukiwa mwepesi mno singa zinauburuta. Kipimo hicho hakina rula, kiko kiganjani mwa fundi.

Reli kutoka pwani ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya kirangozi ilikwisha. Usinga haukwisha: Jomo Kenyatta wa Kenya aliupunga majukwaani, na umati ukamwitikia. Vitabu vya njia ile ya misafara vimejaa majina ya wapelelezi Burton, Speke na Stanley. Naona ni dhuluma kwamba majina ya waliowatangulia njiani, na ya waliowatengenezea hao alama ya uongozi, hayasikiki.