Sadaka au Wakfu? Kuihakiki Leseni ya GPL kama Matini

Wapo watakaouliza: leseni za programu za kompyuta na fasihi, wapi na wapi? Hayo si mambo ya wenzetu wa Uhandisi na Sheria? Swali ni la haki, na jibu letu ni fupi. Leseni ni maandishi. Ina msemaji na msemewa, ina muundo, ina uteuzi wa maneno, na ina jambo inalotaka msomaji alitende. Kama tunaweza kukaa darasani saa nzima tukichambua methali moja, basi hatuna udhuru wa kuyapita maandishi ambayo karibu kila mwenye simu ya kisasa anatembea nayo mfukoni. Fungua mipangilio ya simu yako, shuka hadi panapoeleza habari za simu yenyewe, ingia kwenye mambo ya kisheria. Yamo humo, kurasa kwa kurasa. Nani kati yetu huyasoma?

Makala haya yanaihakiki leseni moja, GNU General Public License, kwa kifupi GPL, hasa toleo lake la pili la mwaka 1991. Tumelichagua toleo hilo kwa sababu ndilo linalotawala Linux, ile sehemu ya chini kabisa inayoziendesha simu za Android. Tutailinganisha na wapinzani wake wa siku nyingi, leseni za BSD na MIT. Ubishi kati ya pande hizi mbili, kwamba ipi ni huru zaidi, umedumu zaidi ya miaka thelathini. Hoja yetu ni kwamba ubishi huo umekwama kwa sababu unatumia neno moja kwa matendo mawili. Kiswahili kina maneno mawili kwa matendo hayo: sadaka na wakfu.

Chimbuko

Matini haielei hewani. Tuanze na mazingira yaliyoizaa. Mwandishi wa GPL ni Richard Stallman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT. Miaka ya 1970 watu wa maabara ile waliishi kwa mila. Ukiandika programu, mwenzako anaichukua, anaisoma, anairekebisha. Hakuna aliyeandikishana na mwenziwe.

Mnamo 1980 hivi wakaletewa printa mpya ya kampuni ya Xerox. Katika printa ya zamani Stallman alikuwa amerekebisha programu ili karatasi zikikwama watu wapate taarifa kwenye kompyuta zao. Hii mpya nayo ilikuwa ikikwama, lakini haikuja na maandishi asilia ya programu yake, yaani yale anayoyaandika mtaalamu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Bila hayo huwezi kurekebisha kitu. Stallman akamwendea mtaalamu wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nayo, akanyimwa. Bwana yule alikuwa ametia saini ahadi ya kutoyatoa kwa mtu. Baada ya hapo jamii ya wataalamu wa maabara ile ikasambaratika, wengi wakachukuliwa na makampuni. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 likatoka toleo la kwanza la GPL.

Hapa hatuna budi kuikataa kauli moja inayopendwa sana, eti programu za namna hii ni kama fasihi simulizi: hadithi ya wote, kila mtu asimulie. Sivyo. Hadithi ya bibi haina masharti. Aliyeisikia anaweza kuisimulia, kuipotosha, kuinyamazia, hata kuitia kitabuni. Edward Steere alikusanya hadithi Zanzibar na kuzichapisha London mwaka 1870. Wasimulizi hawakuwa na karatasi ya kumwekea sharti lolote. Fasihi simulizi huishi katika jamii ambamo watu wanaaminiana, wanaonana uso kwa uso, na asiyefuata mila anajulikana. GPL iliandikwa baada ya mila ya namna hiyo kufa. Ni fasihi andishi, tena iliyoandikwa matangani.

Fani

Kimuundo GPL ina sehemu tatu: dibaji, masharti na kiambatisho. Katika dibaji msemaji anatumia nafsi ya kwanza wingi, sisi. Ni hotuba, anaeleza kwa nini amesimama kusema. Katika masharti anageukia nafsi ya pili: wewe unaweza kufanya hivi, wewe sharti ufanye vile. Sauti inatoka barazani inaingia mahakamani. Na masharti yenyewe yamepewa namba kuanzia sifuri hadi 12. Mwanasheria gani anahesabu kuanzia sifuri? Hayo ni mazoea ya waandishi wa programu, na kwa namba hiyo moja tu tumekwisha kujua msemaji ni wa ukoo gani.

Linalofurahisha zaidi limo kwenye kiambatisho. Mwandishi anataka kuonyesha jinsi mwajiri anavyoweza kuachia haki zake juu ya programu iliyoandikwa na mfanyakazi wake. Anafanyaje? Anabuni hadithi. Kuna kampuni iitwayo Yoyodyne, programu iitwayo Gnomovision, mwandishi wake James Hacker, na mkubwa wa kampuni anayetia saini tarehe 1 Aprili 1989, Siku ya Wajinga. Jina la mkubwa huyo ni Ty Coon. Litamke harakaharaka, utasikia neno la Kiingereza lenye maana ya bepari mkubwa. Hata Yoyodyne ni kampuni ya kubuni iliyotoka katika riwaya za Thomas Pynchon. Kumbe ndani ya hati ambayo mahakimu huisoma mna mhusika wa kejeli: tajiri anayeachia mali kwa mkono wake mwenyewe! Na mwandishi amemweka siku ya uongo, kana kwamba anatuambia tusimsubiri sana.

Sasa weka pembeni yake leseni ya MIT. Haifiki maneno 200, ambapo GPL ya pili inakaribia 3,000. Inasema: chukua, tumia, badili, uza, usiondoe tangazo hili na jina langu, na usinishtaki programu ikiharibika. Kwisha. Ufupi huo nao ni fani. Anayeongea kwa kifupi namna hiyo hana wasiwasi na atakayekuja kesho.

Maudhui

Neno la Kiingereza "free" limebeba huru na bure kwa pamoja, ndiyo maana dibaji ya GPL inalazimika kufafanua kwamba inazungumzia uhuru na wala haizungumzii bei. Mswahili hahitaji ufafanuzi huo. Hata mtoto anayetumwa dukani anajua tofauti. Lakini nasi tumejitafutia tatizo letu. Mwaka 1998, huko California, kundi jingine liliona neno la Stallman linawatisha wafanyabiashara, likachagua jina "open source", yaani chanzo kilicho wazi. Kwa Kiswahili tukazoea kusema programu huria. Huria hii ndiyo ya Chuo Kikuu Huria, ambako mlango umefunguliwa kwa anayetaka kusoma. Ndiyo pia ya soko huria, ambako mwenye nguvu haulizwi. Sasa programu huria imetoka upande upi? Inategemea leseni, na neno lenyewe halituambii.

Turudi basi kwenye maneno yetu mawili. Sadaka ukishaitoa huifuatilii. Umempa mtu sahani ya wali. Akila, akiuza, shauri yake. Hizo ndizo BSD na MIT. Mwaka 2001 kampuni ya Apple ilitoa Mac OS X, mfumo uliochukua sehemu nyingi kutoka kwa jamaa wa BSD. Tabaka la chini kampuni iliyaweka wazi maandishi yake kwa hiari, la juu ikalifunga. Haikuvunja ahadi yoyote. Sadaka ni sadaka.

Wakfu ni jambo jingine. Mtu wa Lamu au wa Unguja anapoliweka shamba lake wakfu, anaitumia haki yake ya kumiliki kwa mara ya mwisho, ili kuzuia mtu yeyote asilimiliki tena. Haliuzwi, halirithiwi, matunda yake yanaendelea kuwafikia walengwa, hata wale ambao hawajazaliwa. Hivyo ndivyo GPL inavyofanya. Inaishika hakimiliki, silaha ileile ya kufungia, na kusema: nakili, badili, hata uza ukitaka, lakini ukimpa mwingine, mpe na maandishi asilia, na umpe kwa masharti haya haya. Watu wa BSD husema huo sio uhuru, hayo ni masharti. Kweli ni masharti. Shamba la wakfu lina masharti kuliko embe la sadaka. Kinachobishaniwa hasa ni uhuru wa nani: wa aliyekishika kitu leo, au wa atakayekishika baada yake.

Kufaulu

Je, wakfu huu umefanya kazi, au ni maneno matupu? Mwaka 2003 iligundulika kwamba ruta ya Linksys aina ya WRT54G, kijisanduku cha kugawa intaneti nyumbani, ilikuwa na Linux ndani yake. Kampuni ikadaiwa maandishi asilia, na ikayatoa. Mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt juu ya msingi huo, na mpaka leo unazipa uhai ruta ambazo watengenezaji wamekwisha kuzitupa mkono. Mwaka huohuo wa 2004 mahakama moja ya Munich, Ujerumani, ikakubali kwamba masharti ya GPL yana nguvu ya sheria. Lau programu ile ingekuwa sadaka, kampuni isingekuwa na deni la kumtolea mtu maandishi yake.

Tusiwadhulumu lakini watu wa sadaka. Programu ya Redis ilikuwa chini ya BSD hadi Machi 2024, kampuni yake ilipobadili masharti kwa matoleo yaliyofuata. Wengine wakalichukua toleo la mwisho la BSD na kuanzisha Valkey. Kilichokwisha kutolewa hakikurudi. Kilichokatika ni kesho yake, ikabidi wengine waibebe.

Kutofaulu

GPL ina upungufu, na mlinganisho wetu ndio unaotusaidia kuuona. Kwanza, katika wakfu umiliki unamtoka mwenye mali. Katika GPL mwandishi anabaki na hakimiliki yake, na anaweza kuitoa kazi ileile kwa masharti mengine kwa anayelipa, kama walivyofanya wenye MySQL. Pili, wakfu huwa na msimamizi. GPL haina, mwenye hakimiliki asiposhtaki, mvunja sharti analala usingizi. Tatu, sharti la kutoa maandishi asilia huamka pale programu inaposambazwa. Kampuni inayoiendesha kwenye mitambo yake na kukuuzia huduma tu haina deni kwako. Mwanya huo ulizibwa mwaka 2007 kwa leseni nyingine, AGPL, lakini Linux haiko chini yake.

Mwaka 2007 pia lilitoka toleo la tatu la GPL, lililojaribu kuzuia vifaa vinavyokupa maandishi asilia huku vikikataa kuendesha ulichorekebisha. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, alibaki na toleo la pili. Matokeo yake ni simu nyingi ambazo maandishi ya Linux yake unaruhusiwa kuyasoma, ila mlango wa kuyarudisha ndani ukiwa umekwisha yabadili umekomewa. Ni haki ya kusoma isiyo na haki ya kuandika. Sisi wanafunzi wa fasihi tunapaswa kuuelewa uchungu wa jambo hilo kuliko wengine.

Upungufu mkubwa zaidi kwetu, hata hivyo, ni wa lugha. Matini ya GPL inaruhusu programu zibadilishwe, lakini yenyewe hairuhusiwi kubadilishwa. Unaweza kuinakili tu ilivyo. Kinaya hicho tunaweza kukisamehe, maana hati ya wakfu inayobadilishwa na kila mpita njia si hati. Ila Free Software Foundation, shirika alilolianzisha Stallman mwaka 1985, linazihesabu tafsiri zote za GPL kuwa zisizo rasmi. Yenye nguvu ni ya Kiingereza peke yake.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kazi nyingine za ofisi kwa Kiswahili. Hakikuhitaji kumpigia mtu magoti, kwa sababu OpenOffice ilikuwa chini ya LGPL, ndugu wa GPL aliye mpole zaidi. Vitufe na menyu vikasema Kiswahili. Hati iliyovipa ruhusa ya kusema ikabaki Kiingereza.

Msije mkatuambia haiwezekani. Umoja wa Ulaya ulitoa leseni yake, EUPL, mwaka 2007, na nakala zake za lugha mbalimbali rasmi za Umoja huo zina nguvu sawa. Tanzania nayo mwaka 2021 ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kilichobaki ni mtu wa kuandika.

Na kazi hiyo tusiwaachie wanasheria peke yao. Tumeona jinsi neno moja, huria, linavyoweza kuficha nani anapewa na nani ananyimwa. Mnufaika wa wakfu asiyeweza kuisoma hati yake huishi kwa hisani ya anayeweza, na siku hisani ikiisha hana pa kushika. Idara hii ina watu wanaojua uzito wa neno, na jengo la Sheria haliko mbali. Tuanze hata na sharti la sifuri.