Kiti Kinachoanzia Miguuni

Mama anayesubiri kujifungua kwa upasuaji hupewa maagizo machache tu na daktari wa usingizi: "Mama, inamisha kichwa, legeza mabega, tokeza kiuno nyuma, halafu tulia hivyo hivyo." Kuyasema ni rahisi. Kuyafuata ukiwa na mimba ya miezi tisa, umeketi kwenye ukingo wa kitanda chembamba, na uchungu unakuja na kuondoka, ni kazi nzito. Ndiyo maana nakistahi sana kifaa ambacho wagonjwa wengi huondoka hospitalini bila kukikumbuka: egemeo la kumshikilia mtu aliyeketi anapochomwa ganzi ya mgongo.

Ustadi wake hauonekani mpaka ujue sindano inatafuta nini. Kwa mtu mzima, ugwe wa fahamu ndani ya mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Daktari huchoma chini ya hapo, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Huipata nafasi hiyo kwa vidole: hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, na mstari unaoziunganisha humfikisha karibu na pingili ya nne. Sindano yenyewe ina urefu wa sentimita tisa hivi, na unene wake mara nyingi ni nusu milimita tu. Ikigonga mfupa, huweza kupinda. Kiuno kikibonyea ndani, vichomozo vya pingili husogeleana na kuziba njia. Kikitokeza nje, vinaachana. August Bier alipofanya upasuaji kwa ganzi ya namna hii huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, alikutana na njia ileile. Dawa na sindano zimebadilika sana tangu hapo. Mifupa haijabadilika.

Msanifu mzuri wa kifaa hiki huanzia miguuni, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Miguu ikining'inia, mapaja hubanwa na ukingo wa kitanda, na misuli ya kiuno hukaza ili mtu asiteleze. Unaweza kumsihi alegee mpaka uchoke; mwili unaohisi unaanguka haumsikilizi mtu. Weka pa kukanyaga panapopanda na kushuka, ili mfupi na mrefu wote wafike, magoti yawe juu kidogo kuliko nyonga. Nyonga zitalala nyuma zenyewe, na kiuno kitatokeza bila kusukumwa.

Kikalio nacho kina siri yake. Tungedhani mto mororo ndio huruma, kumbe humzamisha mgonjwa upande mmoja, nyonga zikainama, na mgongo ukapinda kama upinde. Daktari anayechoma katikati ya ngozi anajikuta hayupo katikati ya mifupa. Sponji ngumu, bapa, ndiyo inayofaa.

Kifuani mambo ni magumu zaidi. Egemeo lililotengenezwa kwa kumfikiria mwanamume mwembamba humgonga mjamzito tumboni kabla hajainama. Lililofikiriwa vyema hubeba mfupa wa kifua, huacha uwazi chini kwa ajili ya tumbo, na huruhusu magoti kupanuka. Mikono hulala mbele, chini ya usawa wa mabega, kwa sababu mikono ikiinuliwa mno mabega hupanda na mgongo hunyooka tena. Paji la uso hupata pedi yenye umbo la kwato, mdomo na pua vikiwa wazi. Muuguzi lazima aone rangi ya midomo, na mgonjwa akitaka kutapika asizuiwe na kitu.

Katika hospitali nyingi kazi hii yote hufanywa na muuguzi anayesimama mbele ya mgonjwa, amemkumbatia mabega, huku mto ukiwa katikati yao. Kukumbatia huko ni tiba, na sitaki kupunguziwe heshima. Lakini mgonjwa mzito akimwegemea, mgongo wa muuguzi ndio unaolipa. Egemeo likibeba uzito, yeye hubaki na mikono ya kumshika mama, na macho ya kutazama shinikizo la damu, ambalo huweza kushuka ghafla dawa ikishaingia.

Kwa sababu hiyo, kipimo changu cha mwisho ni namna kifaa kinavyoondoka. Dakika chache baada ya sindano miguu huanza kuwa mizito, na mama lazima alazwe upesi. Magurudumu yawe na breki zinazokanyagwa kwa mguu mmoja, na sehemu ya mbele ijitoe kwa mkono mmoja bila kutafuta skrubu. Kisha huja ndoo ya klorini ya kukisafishia. Fundi aliyeficha mishono upande wa chini, na kuchagua ngozi bandia isiyopasuka kwa dawa, amemkumbuka hata mgonjwa wa pili kwenye foleni.