Majira Mawili ya Vienna

Ukitazama picha ya eksirei ya kifundo cha mkono wa mtoto mwenye matege, huhitaji kuelezwa mengi. Ncha ya mfupa, inayopaswa kuwa na ukingo mnyoofu, imechakaa kama mkeka uliofumuka, na katikati imebonyea mithili ya kikombe. Mtoto akianza kupona, mstari mwembamba wa kalsiamu hujichora mweupe pale palipofumuka. Wapo watu waliokaa Vienna kuanzia 1919 hadi 1922 wakiusubiri mstari huo, na kila nikisoma habari zao najikumbusha kwamba kusubiri nako kuna mafundi wake.

Vita Kuu vilikuwa vimekwisha na kuuacha mji na njaa. Maziwa na siagi vilikuwa adimu, na matege yalienea miongoni mwa watoto. Taasisi ya Lister ya London ikamtuma Harriette Chick, mwanasayansi wake tangu 1905, pamoja na daktari Elsie Dalyell wa Australia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyu, Profesa Clemens von Pirquet, mkuu wa kliniki ya watoto ya chuo kikuu, hakuiamini tiba ya wageni. Yeye aliona matege ni ugonjwa wa kuambukiza. Wao walishuku upungufu wa kitu fulani katika chakula. Hata hivyo aliwapa vitanda, wauguzi na watoto wa kuwahudumia. Kumfungulia mlango mtu anayekuja kukukosoa nako ni sehemu ya ufundi huu.

Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Watoto wachanga waligawanywa makundi mawili. La kwanza lilipata chakula cha kawaida cha kliniki, maziwa na sukari. La pili lilipata maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta, na juu yake mafuta ya ini la samaki. Malezi na usafi vilikuwa sawa kwa wote. Pirquet alikuwa na kipimo chake cha lishe, nemi, kilicholinganisha kila chakula na gramu moja ya maziwa, kwa hiyo kilichoingia kinywani kilihesabiwa. Kisha mifupa ikapigwa picha, ikapigwa tena, na tena. Jicho la daktari huweza kuona linachokitamani. Filamu ya eksirei haikujua mtoto yupi amelishwa nini.

Majira ya baridi yalipoingia, siku zikawa fupi na jua likapotea. Wengi wa kundi la kwanza wakapata matege, waliopewa mafuta ya samaki wakasalimika. Mwenye haraka angefunga daftari lake hapo na kupanda treni. Chick alisubiri kiangazi.

Kiangazi kikamvurugia jibu. Watoto wa makundi yote mawili walikuwa wazima, na mafuta hayakuonyesha tofauti. Hapa ndipo ninapomvulia kofia: hakuutupa msimu uliomharibia hesabu. Huko Berlin, Kurt Huldschinsky alikuwa ameshaponya matege kwa taa ya zebaki. Alimulika mkono mmoja wa mtoto, na ule ambao haukumulikwa nao ukapona, ishara kwamba mwanga huzalisha kitu kinachosafiri mwilini. Timu ya Vienna ikajaribu vivyo hivyo: chakula kikabaki kilekile, watoto wakawekwa chini ya taa au wakatolewa juani. Mstari mweupe ukajichora.

Jua na ini la samaki vilikuwa vinaleta kitu kimoja. Ngozi ikipigwa na miale ya jua hutengeneza vitamini D, na vitamini hiyo huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Dalyell na Chick waliwaona hata watu wazima wa Vienna ambao njaa ilikuwa imewalainisha mifupa, wakitembea kwa maumivu.

Karne moja baadaye, mwaka 2022, watafiti wa Boston walitoa majibu ya jaribio la VITAL kuhusu vitamini hiyohiyo na mifupa. Watu 25,871 wa makamo na wazee walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano, nusu wakimeza vitamini D kila siku, nusu wakimeza kidonge kisicho na dawa. Kuvunjika mifupa hakukupungua. Washiriki hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu wa vitamini D wala osteoporosisi, ule udhaifu wa mifupa unaowavunja wazee nyonga. Wengi wao, kwa lugha ya Vienna, walikuwa tayari kiangazini.

Chick alifariki 1977, akiwa na miaka 102. Aliyekuwa na njaa ya jua alisaidiwa na mafuta yake. Aliyekwisha kushiba hakuongezewa kitu. Yote mawili aliyaandika, safu ya baridi iliyomfurahisha na safu ya kiangazi iliyomsumbua, kwa wino uleule.