Fundi wa Neno "Nyumba"

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kutafuta "house", utapewa nyumba, na mambo yataonekana yamekwisha. Kwa mgeni anayetafuta pa kulala, yamekwisha kweli. Dodoma, ambako Bunge hukaa na sheria za nchi hupitishwa, ndipo yanapoanza. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo kuzitoa sheria kwenye Kiingereza si suala la mapenzi ya lugha tena, ni wajibu. Wanaoifanya kazi hiyo hatuwajui majina, na wakiifanya vizuri hakuna anayegundua. Hao ndio ninaotaka kuwasifu, kwa kuwa ufundi wao ni wa ajabu kidogo: lazima wajue maneno manane ili waandike moja.

Chukua Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 59 kinamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba wanamoishi wanandoa bila ridhaa ya mwenzake. Katika Kiswahili cha kila siku imezoeleka kuitwa nyumba ya ndoa. Sheria yenyewe inaieleza kuwa ni jengo, au sehemu ya jengo, ambamo mume na mke huishi pamoja kwa kawaida; na pakitumika kwa makazi tu, ua na vibanda vya nje navyo vimo. Sasa jaribu kubadilisha neno. Ukiandika jengo peke yake umetaja kuta na paa, na hata ghala la mahindi la Kibaigwa ni jengo. Makazi yanataja tendo la kukaa, hayaulizi kuta: aliyehifadhiwa chini ya turubai baada ya mafuriko ana makazi, ya muda lakini makazi. Maskani ingefaa zamani, ila vijana wameshaichukua. Leo ni pale wanapopigia soga jioni, na Zanzibar ni pa siasa pia. Kaya ni watu kuliko kuta. Kisha fikiria nyumba ya vyumba kumi pale mtaa wa Majengo, mjini Dodoma: mwenye nyumba na mkewe wanaishi katika viwili, vinane vina wapangaji. Yale maneno "sehemu ya jengo", ambayo msomaji wa haraka huyaruka, ndiyo mawakili watakayoyashika siku vyumba hivyo vitakapowekwa rehani.

Ugogoni, nchi ya Wagogo inayouzunguka mji wa Dodoma, jambo linakuwa gumu zaidi, na tamu zaidi. Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe: nguzo zenye panda, juu yake boriti, juu ya boriti fito na majani, halafu udongo ukashindiliwa mpaka paa likawa karibu bapa. Paa la namna hiyo lisingedumu Bukoba. Hapa linadumu kwa sababu mvua ni ya msimu mmoja, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kuta ni fito na udongo, kimo ni kifupi, na vyumba hupangwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Zizi basi si kibanda cha nje, limo katikati. Mwenye wake wawili humpa kila mmoja upande wake. Paa moja, ua mmoja, je, ni nyumba ngapi? Karani wa sensa asingepata jibu la maana kwa swali hilo. Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 iliwafuata watu kwa kaya, kwa kuangalia wanaoishi na kula pamoja, kisha ikafuatiwa na Sensa ya Majengo. Watu, makazi, kaya, majengo: kila neno na swali lake, na takwimu zingevurugika kama yote yangeitwa nyumba.

Wapo wasemao huu ni urembo wa wasomi: mwananchi anaelewa nyumba, mpe nyumba, muktadha utamaliza mengine. Hoja hii ina uzito. Sheria inayoruka kutoka nyumba hadi makazi hadi maskani ndani ya ukurasa mmoja ni mtego, maana hakimu atadhani kila neno lina jambo lake. Shuleni tunafundishwa kutorudia neno katika insha. Mwandishi wa sheria hulirudia bila aibu. Lakini kulirudia hakukuondolei kazi ya kulichagua, na muktadha si wa kutegemewa hivyo. TANU, chama kilichotawala wakati huo, iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Makao yanatokana na kukaa, na kwa zaidi ya miongo minne serikali iliendelea kukaa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Neno likangoja, mpaka uhamisho ulipoanza kwa nguvu 2016 na sheria ya kuitamka Dodoma makao makuu ikapitishwa 2018. Nyumba ya Rais nayo haikuitwa kasri. Iliitwa Ikulu, neno la Unyamwezini la makao ya mtemi, na jengo jipya la Chamwino lililozinduliwa Mei 2023 limelirithi. Kasri lingetupeleka kwa sultani, na aliyelikwepa, yeyote awaye, alijua anakwepa nini.

Wengine watasema tembe ni neno la sehemu moja, na bati linaliua. Hilo la kwanza si kweli: wasafiri wa karne ya 19 waliliandika vitabuni mwao, na nyumba aliyokaa Livingstone kule Kwihara, Tabora, ambayo sasa ni makumbusho, huitwa tembe hadi leo. La pili lina ukweli wake. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwakusanya watu katika vijiji vipya, na bati lina faida, kwa kuwa tembe lina giza na huvuja mvua zikizidi. Ila kuliita nyumba duni, kama wengi wanavyoliita, ni kutoa hukumu kabla ya maelezo. Kama ningeulizwa, kifungu cha 59 ningekiachia nyumba ya ndoa, kwani ndivyo watu wasemavyo. Kisha kwenye kifungu cha tafsiri, pale panapotajwa ua na vibanda vya nje, ningeongeza kwamba kwa tembe, ua wa ndani na zizi lililomo ni sehemu ya nyumba. Ni mstari mmoja tu, na mwanamke wa Bahi hatalazimika kumweleza hakimu aliyekulia Tanga kwamba ng'ombe walikuwa wanalala ndani.